Malalo Manne hadi Qausuittuq

Aprili 9

Jaypiti amebandika karatasi kwenye ukuta wa kibanda cha uwanja wa ndege wa kijiji chetu, Aujuittuq. Imeandikwa: Aujuittuq hadi Qausuittuq, kilomita 384, saa moja na dakika ishirini na tano. Nikamuuliza nani kapima. Akasema wamepima wenye ndege wenyewe, kwa mstari ulionyooka.

"Nionyeshe mtu mmoja aliyekwenda Qausuittuq kwa mstari ulionyooka."

"Ndege, mjomba."

"Ndege si mtu."

Jaypiti ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ndiye mwangalizi wa uwanja wetu: anaondoa theluji, anasoma upepo, anaongea na marubani kwenye redio, anakunywa kahawa. Kwa kahawa hakuna anayemfikia hapa kijijini. Kwa barafu, hapana. Barafu naijua mimi.

Qausuittuq ni malalo manne. Lalo ni pale unapofunga mbwa wanaokuvuta kwa sleji juu ya barafu, unakata matofali ya theluji, unajenga, unalala. Ukilala mara nne kabla hujafika, ni malalo manne. Mtu wa kawaida malalo sita. Mimi manne, na mbwa wangu walisifiwa pwani nzima. Sasa safari isiyo na lalo hata moja ndani yake ni safari gani? Ni sawa na kuambiwa umekula na hujatafuna.

Jaypiti akasema, "Wazee mnasahau. Manne ya leo, mwakani yatakuwa mawili."

Ndiyo maana nimechukua daftari hili dukani. Naandika kwa herufi alizonifundisha mama kwenye kitabu cha sala. Shule sikwenda. Shule ingenipunguzia muda wa kuwinda.

Aprili 11

Upepo. Ndege haikuja.

Aprili 12

Upepo. Ndege haikuja. Nilikwenda kuisoma ile karatasi tena. Bado inasema saa moja na dakika ishirini na tano.

Aprili 15

Leetia kapiga simu. Ni mjukuu wangu, tulimlea mimi na mke wangu Arnaluk hadi alipoolewa na Simiuni wa Qausuittuq. Tumbo limekuwa kubwa. Mwezi ujao watampeleka hospitali ya kusini kama wanavyowapeleka wote, akajifungue huko, kisha arudi.

Nikamwambia jina analijua.

Akasema, "Babu, bibi yake Simiuni naye ana jina lake."

Bibi huyo ni Qiatsuk. Anataka mtoto awe Nauja, kaka yake aliyefariki mwaka juzi. Namjua Qiatsuk. Tulikuja huku kaskazini kwa meli moja tukiwa vijana, na melini ndipo wakubwa wa serikali walipotugawa, hawa washuke Qausuittuq, hawa Aujuittuq. Sikulia walipomshusha yeye. Miaka mingi baadaye nilifika kwao kwa malalo manne, watu wote wamesimama ufukweni wananishangaa, na yeye akasema kwa sauti, "Mbwa wanene namna hii, kumbe njiani walipanda sleji, akavuta Tulugaq." Tulugaq ndiye mimi. Watu walicheka. Sijalisahau hilo na sina mpango wa kulisahau.

Arnaluk alifariki Novemba. Kwetu aliyefariki hurudi kwa mtoto anayepewa jina lake, na miezi mitano bila mwili inamtosha. Mtoto akiwa wa kike au wa kiume, si kitu. Nitamwita mke wangu, na akianza kusema ataniita mume wangu, na kila mtu atajua kwamba amerudi.

Aprili 20

Nimepata sili wawili. Vijana watano walitoka, wakapata mmoja.

Aprili 28

Jua halizami tena. Linazunguka tu. Ndege ilikuja, ikaleta barua na vitunguu vilivyoganda.

Mei 4

Leetia amekwenda kusini. Alipiga simu kabla ya kuondoka. Alikuwa anatafuna kitu. Bibi yake Arnaluk naye alikuwa akitafuna kila aliposhika simu. Nikasema moyoni, tayari yuko njiani.

Mei 10

Theluji laini. Nimetengeneza sleji. Mashine yangu ya theluji, ninayoipanda tangu niache mbwa, nimeifungua injini yote na kuirudisha, na hakuna kilichobaki nje ila skrubu moja ambayo haikuwa na kazi.

Mei 13

Jaypiti ananiuliza kwa nini sleji imefungwa kamba mpya. Nikasema kamba ya zamani ilichakaa.

"Mjomba, kama unataka kumwona mtoto, ndege ipo."

"Mimi sipandi."

Anajua sipandi. Oktoba waliniambia saa moja na dakika ishirini na tano hadi Qausuittuq, kisha ndege kubwa hadi hospitali, kisha wiki mbili atarudi. Nikamshika Arnaluk mkono akapanda. Novemba alirudi ndani ya sanduku, na hata hilo sanduku lilikwama Qausuittuq siku sita, kwa sababu huku kwetu wingu lilikaa juu ya jabali na rubani haoni uwanja. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha uwanja siku zote sita. Nilikataa kwenda nyumbani. Jaypiti aliniletea chai, nikailaumu kuwa nyepesi. Siku ya saba ndege ikatua.

Huo ndio umbali wa kweli kati ya viwanja hivi viwili. Siku sita. Waandike hivyo kwenye karatasi yao.

Mei 16

Mtoto kazaliwa. Wa kiume. Vizuri.

Mei 17

Nimewaambia watu wote dukani kwamba mke wangu amezaliwa. Wamefurahi. Mchungaji aliuliza kama nimeshauriana na upande wa pili. Nikamuuliza bei ya risasi.

Mei 24

Wamerudi Qausuittuq. Leetia alipiga simu jana jioni. Sauti ya mtoto ilisikika nyuma, kali, yenye madai. Ni yeye.

"Babu, huyu bibi anamwangalia masikio tangu tumeshuka. Anasema ni ya Nauja."

"Nauja alikuwa na masikio kama mikono ya glavu. Umempa jina?"

"Sijampa. Nimewaambia wote kwanza umwone wewe."

"Basi usimpe. Mtu asimwite jina lolote."

"Babu, wewe usiende popote. Umenisikia? Kaa nyumbani tu."

Nikasema laini ni mbaya, haloo, haloo, nikakata. Laini ilikuwa nzuri.

Mei 26

Leo Jaypiti kaja kwangu, kakaa, kanywa chai tatu bila kusema kitu cha maana. Mlangoni akageuka.

"Mjomba, usitoke wiki hii. Subiri hadi Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

"Hakuna kitu. Hali ya hewa itakuwa nzuri tu."

Mimi nilikuwa nasoma anga kabla mama yake hajaota meno, na leo huyu ananipangia siku ya kutoka. Ameona sleji, anataka kunizuia. Basi.

Mei 27, Jumanne

Nimeondoka watu wakiwa wamelala. Mashine, sleji, mafuta, bunduki, jiko, chai, nyama ya sili iliyokaushwa, hema. Jua liko kaskazini, dogo, jeupe. Barafu ya ghuba ni ngumu kama sakafu ya kanisa. Kwa mtindo huu, bila mbwa wa kulisha, hata malalo mawili ni mengi. Nitawaonyesha.

Naandika haya nikiwa nasubiri chai. Nimezungukia mbali ule mlango wa bahari ambao maji yake hayagandi hata Februari. Ukipita karibu, barafu inakuwa nyembamba bila kukuambia. Vijana wa siku hizi wanapita karibu ili kufupisha. Wanataka mstari ulionyooka.

Mei 28

Nimelala saa chache katika bonde, nyuma ya jiwe kubwa ninalolifahamu. Lalo moja.

Mchana, anga safi, nikasikia mlio. Ndege yenyewe, ile ndogo ya injini mbili, inatoka Qausuittuq inakwenda kwetu. Ilipita chini kabisa. Nikasimamisha mashine, nikapanda juu ya sleji, nikaipungia mkono kama mtu anavyomuaga mgeni asiyemtaka. Nikapiga kelele: nenda na viazi vyako. Mabawa yalitikisika kidogo, nafikiri rubani aliniona. Nilicheka peke yangu muda mrefu.

Jioni, ikiwa ni jioni, nilifika kwenye ufa wa barafu. Ulikuwa na upana kama wa mlango. Nilisukuma sleji iwe daraja, nikavuka, nikaivuta. Mtu wa kawaida angerudi. Baada ya hapo nilisinzia kidogo juu ya sleji na buti miguuni, na hilo si lalo, kwa sababu sikuvua buti.

Mei 29

Nimefika Qausuittuq. Lalo moja. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shahidi ni Mungu.

Nilisimamisha mashine mbele ya nyumba ya Simiuni. Aliyefungua mlango ni Qiatsuk. Amekuwa mfupi, lakini mdomo haujapungua urefu.

"Karibu, Tulugaq. Mbwa wako wapi? Wamebebwa?"

"Leetia yuko wapi? Niletee mtoto."

Akaanza kucheka, akashika mlango ili asianguke.

"Leetia yuko kwako," akasema. "Ameondoka jana na ndege. Amekuletea mtoto umpe jina."

Nikamwambia huo si mzaha mzuri.

"Si mzaha. Jaypiti alijua. Leetia alimkataza asikuambie, kwa sababu ndege isipotua ungekaa tena uwanjani kama Novemba. Walitaka uone tu mlango unafunguka."

Nikarudi nje kukaza kamba za sleji. Zilikuwa zimekaza. Nilikuwa nimempungia mkono. Alikuwa humo ndani, dirishani labda, na mtoto mapajani, na mimi juu ya sleji napiga kelele kuhusu viazi.

Mei 30

Nimempigia Jaypiti simu. Niliyomwambia sitayaandika, daftari hili nitakuja kumwachia mtu. Yeye akasema, "Nilikuambia usubiri Jumatano." Nikasema mtu akisema subiri bila sababu, huyo anasema ondoka. Akasema, "Hilo kweli, mjomba." Sikutegemea.

Nitarudi kesho kwa njia ile ile.

Mei 31

Joto na upepo wa kusini. Wawindaji wawili wamerudi bila kitu. Ule ufa uliokuwa mlango sasa ni mto. Mmoja akasema, "Wewe ulivukaje?" Nikamweleza kwa urefu. Lakini kuvuka tena haiwezekani, hata kwangu.

Ndege nayo haiendi. Ukungu umefunga jabali letu.

Nalala sebuleni kwa Qiatsuk. Simiuni yuko kazini mgodini hadi mwisho wa mwezi ujao, hivyo nyumba nzima ni bibi yake na mimi. Anakoroma.

Juni 1

Ukungu. Qiatsuk anasema mimi ndiye ninayekoroma.

Juni 2

Leetia kapiga. Mtoto analia tangu juzi. Analia akibebwa, analia akilazwa, ananyonya mara mbili tu na kuacha. Nesi amempima kila mahali, hana homa, hana kitu.

Sisi tunajua. Mtoto analia namna hiyo akidai jina. Mimi mwenyewe nililia siku nyingi hadi bibi mmoja aliponiita Tulugaq, nikanyamaza palepale.

"Babu, liseme tu. Nitalirudia sikioni mwake."

"Jina halisemwi kwenye waya. Mtu hutamkiwa akiwa karibu, akisikia pumzi."

"Utakuja lini sasa?"

Nikaangalia dirishani. Sikuona nyumba ya jirani.

"Karibuni," nikasema.

Juni 3

Ukungu. Tulicheza karata. Qiatsuk anaiba.

Juni 4

Mtoto bado. Amepungua uzito, kidogo, kasema nesi.

Qiatsuk aliweka kikombe mezani kwa nguvu. "Unambania mtoto jina kama mbwa na mfupa. Mimi ningetaka kukuumiza, ningechukua simu nikasema Nauja, basi yamekwisha. Sijafanya."

"Kwa nini hujafanya?"

"Kwa sababu Leetia amesema uanze wewe."

"Basi nyamaza."

"Nanyamaza. Nenda kwenye simu."

Sikwenda. Kifo cha Arnaluk waliniambia kwa simu. Daktari mmoja, na mkalimani aliyekuwa na mafua. Anasema neno, anapiga chafya, anasema neno. Yale maneno yalitoka kwenye waya yakakaa nyumbani kwangu hadi leo. Halafu jina lake nalo lipite humo humo?

Juni 5

Leetia alipiga mara tatu. Mara ya tatu aliweka simu karibu na mtoto. Ile sauti kali imekuwa nyembamba. Haidai tena, inalalamika.

Qiatsuk alikuwa amekaa kwenye kiti chake, alisikia. Akaenda kukoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Juni 6

Asubuhi mawingu yalipanda kidogo, wakasema ndege inaweza kujaribu. Nikachukua begi. Nimesema miaka yote sipandi, leo nilikuwa tayari kupanda, na naliandika hili kwa kuwa hakuna anayesoma. Qiatsuk akasema atanisindikiza. Nikamwambia najua njia. Akavaa buti.

Chumba cha abiria kilikuwa kimejaa wajenzi. Tukaingia banda la mizigo, ambako kuna baridi lakini kuna nafasi. Maboksi hadi darini, viazi, maziwa, matairi. Kijana wa mizigo alipomwona Qiatsuk alicheka.

"Bibi, leo tena? Kiti chako kipo palepale, sijakitoa."

Akavuta kigoda nyuma ya maboksi, kigoda cha mbao kilichofungwa kipande cha ngozi ya sili juu. Qiatsuk akakikalia kama mtu anayekaa kwake.

"Safari hii unamlinda nani?" yule kijana akauliza. "Huyu mzee?"

"Huyu hajafa. Anajifanya tu."

Kijana akaenda zake. Nikamuuliza Qiatsuk, kigoda kinafanya nini hapa.

"Kinakaa."

"Nimekuuliza."

Alikuwa anatazama mlango. "Novemba ndege haikuweza kuja kwenu. Walimweka pale," akaonyesha kwa kidevu, ukutani, mahali ambapo sasa pana matairi. "Ulitaka akae na maboksi ya viazi peke yake? Siku sita gizani? Nilileta taa. Mchana nilikaa mimi, usiku jirani zangu walipokezana, wengine ambao hata hawakumjua. Nilimwambia habari za hapa. Nilimwambia wewe ni mtu wa ovyo, nikamwambia pole kwa miaka yote hiyo."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Tangu ile siku ya mbwa hujaniuliza kitu."

Nilikwenda nje nikaangalia kamba za mfuko wa kuonyesha upepo kwenye nguzo ya uwanja. Zilikuwa zimelegea. Miaka yote nimesimulia kwamba nilimsubiri siku sita peke yangu. Nilikuwa mwisho mmoja wa safari, kumbe mwisho wa pili kulikuwa na mtu.

Saa sita wakatangaza kwamba jabali la kwetu limefunga tena. Hakuna safari.

Kuna simu ukutani, kwenye chumba cha abiria. Niliwaambia wajenzi wanipishe. Nikapiga nyumbani kwangu mwenyewe, akapokea Jaypiti, nyuma yake kile kilio chembamba.

"Mpe Leetia simu. Mwambie aiweke sikioni mwa mtoto."

"Mjomba, si ulisema..."

"Jaypiti."

Nikasubiri. Nikasikia pumzi, fupi fupi, zenye maji. Nikasema: Arnaluk. Nikasema: Arnaluk, ni mimi, nimekuja huku kukufuata, nimekupita njiani, usikasirike. Wajenzi walikuwa wanaangalia sakafu.

Hakunyamaza.

Qiatsuk alikuwa amesimama nyuma yangu na kigoda chake kwapani. Nikasema kwenye simu: na Nauja. Wewe ni Arnaluk na Nauja.

"Sikukuomba," akasema Qiatsuk.

"Nani anaongea na wewe? Naongea na mke wangu."

Laini ikakatika. Safari hii kweli.

Juni 7

Simu ililia asubuhi. Qiatsuk na mimi tuliifikia pamoja, yeye akaishika kwanza, anatumia kiwiko. Leetia kasema mtoto alilia kidogo baada ya simu kukatika, kisha akanyonya, kisha akalala, na bado amelala.

"Ilikuwa baada ya Arnaluk," nikamwambia Qiatsuk. "Jina lilihitaji muda wa kuingia."

"Ilikuwa Nauja. Kila mtu aliyekuwepo alisikia mpangilio."

Tumebishana hadi chakula cha mchana. Alikaanga mkate, akanipa kipande cha pembeni chenye kuungua vizuri. Hajui kwamba napenda cha pembeni. Labda anajua.

Juni 8

Ukungu. Mtoto analia kama watoto wengine tu.

Juni 9

Nimefikiri jambo. Kama mtoto ni mke wangu, na mtoto ni kaka yake Qiatsuk, basi Qiatsuk ni shemeji yangu. Sikulifikiria hilo mapema. Nilimwambia. Akasema yeye alilifikiria Aprili, ndiyo maana alikuwa na wasiwasi.

Juni 10

Tumeruka. Niliingia, nikafunga mkanda mwenyewe. Rubani, msichana mwenye madoadoa usoni, akauliza, "Mzee, mara ya kwanza?" Nikamwambia mimi nimekwenda njia hii kabla bibi yake hajazaliwa, aangalie mbele.

Tulikwenda juu ya mawingu, meupe, hayana njia. Tulipofika kwetu tukazunguka. Nikaona paa la kanisa, nikaona jabali, kisha sikuona. Tukazunguka tena. Nikaona kibanda cha Jaypiti na mtu mdogo amesimama nje. Kisha tukageuka tukarudi Qausuittuq.

Zaidi ya saa mbili na nusu angani, tukashuka palepale tulipopandia. Hiyo haimo kwenye karatasi ya Jaypiti.

Qiatsuk alikuwa bado kwenye kigoda. Sikumuuliza kwa nini hakurudi nyumbani tulipoondoka. Alisema, "Umesahau kitu?"

Juni 11

Mvua na theluji pamoja.

Juni 12

Tumeruka tena asubuhi. Qiatsuk alinipa kifurushi cha soksi za mtoto, na kipande cha ngozi ya sili alichokibandua kwenye kigoda. "Cha kumkalisha," akasema. "Alishakizoea." Nikasema, "Shemeji, kaa salama." Akasema nisimlee mvulana wa watu kwa majivuno. Nikasema atakuja mwenyewe Agosti kusimamia. Akauliza, kwa ndege, au nimtumie mbwa wangu wambebe?

Nilikusudia kuangalia dirishani njia nzima, nione mahali pa ule ufa, nione jiwe langu bondeni. Lakini siku mbili nilikuwa sijalala vizuri kwa sababu ya kukoroma kwa mtu. Magurudumu hayajaacha ardhi nikawa nimelala. Niliamshwa na bega kugonga dirisha, tunazunguka, na jabali lilikuwa hapo lote, jeusi, safi, kila jiwe. Tukatua.

Jaypiti alifungua mlango. "Saa moja na dakika ishirini na sita," akasema, anaangalia saa yake.

"Lalo moja," nikasema.

"Nini?"

"Nilivua buti, nikalala, nikafika. Lalo moja. Na mimi kwa barafu lalo moja. Tumetoka sare, mimi na ndege yenu. Andika."

Akaniangalia kama anataka kubisha. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya ile karatasi, chini ya kilomita 384: lalo moja. Kisha akasema, "Wako nyumbani, mjomba. Mlango haujafungwa."

Juni 13

Ana masikio makubwa. Ni ya Nauja, sitamwambia Qiatsuk. Lakini kunitazama, ananitazama kama nimechelewa na chakula kimepoa. Hakuna mwingine aliyewahi kunitazama hivyo.

Leetia aliniuliza kama niliona ndege ilivyotikisa mabawa siku ile. Yeye ndiye aliyemwomba rubani. Alikuwa amemwinua mtoto dirishani anione. "Ulikuwa unapiga kelele gani, Babu?" Nikasema nilikuwa nawatakia safari njema.

Naandika kwa mkono mmoja, na herufi zimepinda. Jaypiti kaja hivi sasa na habari ya kwamba ndege ya kesho imefutwa, upepo. Nimemwashiria anyamaze na atoke taratibu. Mke wangu amelala kifuani kwangu, na mimi siendi popote.